Waya wa Ardhini

3 Machi

Kwa Fundi,

Salamu. Natumaini u mzima, wewe na wote wa nyumbani kwako. Mimi namshukuru Mungu, ni mzima, isipokuwa magoti, ambayo yameamua kuzeeka kabla ya mwenyewe.

Najua mwandiko huu utakushtua. Imetimia miaka kumi na moja. Anwani yako nimepewa na dada yako. Alimleta mjukuu wake kunyolewa, nikamwomba, akanitazama kwa muda mrefu kabla ya kuniandikia kwenye ukingo wa gazeti.

Nitasema wazi ili usije ukadhani vingine. Sikuandikii kutafuta suluhu. Nakuandikia kwa sababu ya nyumba.

Taa za jikoni zinapepesa kama macho ya mtu mwenye usingizi. Soketi ya friji imekuwa nyeusi, na ukipita karibu unasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nimeita mafundi wawili. Wa kwanza aligonga ukuta kama daktari anayepima kifua, akasema tubomoe plasta yote kuanzia mlangoni. Wa pili alitafuta mpaka akatoka jasho, akasema aliyefunga umeme wa nyumba hii aliuficha waya kama mtu anayeficha siri ya ukoo. Sikumwambia ni nani.

Binti yangu anarudi mwezi wa Juni. Mumewe amepata kazi huku, kwa hiyo watakaa kwangu, wao na mtoto wao wa mwaka mmoja na nusu. Katika kila picha wanayonitumia, huyo mtoto ana kidole ndani ya tundu fulani. Siwezi kumwingiza mtoto katika nyumba hii ilivyo. Wewe mwenyewe unajua kwa nini.

Naomba unieleze waya wa jikoni ulipita wapi. Ni hilo tu. Mengine yaache pale yalipo.

Mimi,
Kinyozi

*

19 Machi

Kwa rafiki yangu (neno hili nimeliandika kwa mazoea, ukiona halifai, likate),

Kabla hujaendelea kusoma, nenda kazime swichi kuu. Maliza barua kwa mwanga wa dirishani. Salamu zitafuata.

Umezima? Sasa fuatana nami. Kutoka kwenye mita waya unaingia chumba cha mbele, unapanda mpaka darini juu ya dirisha la kushoto. Haukwenda moja kwa moja jikoni, ndiyo maana hawauoni. Utakumbuka shemeji, mkeo, hakutaka paipu zionekane ukutani. Alisema nyumba itafanana na zahanati. Basi niliuzungusha juu ya ukumbi mdogo, nikaushusha nyuma ya kabati la vyombo, shubiri mbili kutoka kwenye kona. Pale, kimo cha kiuno, pana kiungio. Tatizo lako liko hapo, sina shaka. Atoboe tundu la ukubwa wa kiganja, asibomoe zaidi. Na waya wote wa jikoni ubadilishwe, umri wake umekwisha.

Sasa nakusalimu. Sisi hatujambo. Mke wangu anasumbuliwa na sukari lakini bado ana nguvu za kunigombeza, kwa hiyo sina wasiwasi. Tunakaa vyumba viwili vya kupanga karibu na soko. Mimi sifungi tena umeme wa majumba. Nina meza sokoni, natengeneza pasi, feni, redio na mashine za kusaga matunda, vitu ambavyo nikikosea vinaharibika vyenyewe tu. Hapa wananiita fundi wa pasi.

Nilipoona mwandiko wako niliiweka barua chini ya kitambaa cha meza, nikahudumia wateja watatu ndipo nikaifungua. Mmoja nimemrudishia feni ya mwenzake.

Msalimie binti, kama jina langu bado linatajika humo ndani. Kama halitajiki, usinisalimie.

Fundi

*

6 Aprili

Kwa Sumaku,

Habari za huko? Na shemeji sukari yake vipi? Mwambie apunguze chai tamu, najua alivyo nayo. Huku ni wazima.

Unaona nimekuita jina la utotoni. Nilikuwa nimeandika "Kwa Fundi" nikaona ni kama namwandikia mtu wa serikali. Nikakukumbuka ulivyokuwa ukipita na misumari na vifuniko vya chupa mfukoni, mama yako akikukung'uta kabla hujaingia ndani.

Waya umeonekana. Nimempata fundi wa tatu, mwanamke wa miaka arobaini hivi, anabeba testa ya kupimia umeme nyuma ya sikio kama karani na kalamu yake. Nilimpa barua yako aisome. Alipima shubiri mbili kwa mkono wake, akaona mkono wake mdogo, akaniomba mkono wangu, akatoboa. Kiungio kilikuwa palepale, cheusi kama mkaa. Alitikisa kichwa akasema huyu mtu anazikumbuka kuta kuliko wanaume wengine wanavyowakumbuka wake zao.

Jikoni kumekwisha, chumba cha mbele kimekwisha. Sasa amefika bafuni na hapo tumekwama. Mlango ule una misumari minne. Niliipigilia mwenyewe wiki ya mazishi na haijatoka tangu hapo. Naogea kile chumba cha nje. Anataka nimfungulie apime. Nimemwambia pale hapahusiki. Akanijibu kwamba yeye hatii saini nusu ya nyumba, na akakusanya vyombo vyake. Anarudi nikishaamua.

Binti amenitumia simu ya kioo. Nikiandika "nakuja" yenyewe inaandika "nakula", kwa hiyo ukoo mzima unadhani nashinda mezani. Tukipigiana ya picha wananiambia, baba, tunaona paji la uso tu. Mtoto ameshazoea, akinisikia anabusu paji la uso.

Tena, mashine yangu ya kunyoa imeanza kung'ata nywele badala ya kukata. Wateja wanafumba macho kama wanachomwa sindano. Nifanyeje?

Ni mimi,
Wembe

*

22 Aprili

Kwa ndugu yangu Wembe,

Nimefurahi mpaka mke wangu ameniuliza nimeokota nini. Habari za magoti? Sisi huku tunaendelea, isipokuwa mvua imetoboa bati juu ya kitanda. Nimeziba mara mbili kwa lami, maji yamehamia upande wa pili. Sasa tunalala miguu ikiwa mahali pa kichwa.

Mashine yako haijafa. Fungua skrubu mbili za mbele, safisha kwa brashi ya meno, meno ya juu yarudi nyuma ya ya chini kwa unene wa kucha, kisha mafuta ya cherehani matone mawili. Ukiweka matatu utawapaka wateja.

Sasa Wembe, niruhusu. Umeniambia mengine niyaache yalipo, na nimejitahidi barua nzima moja. Umenitajia mlango wa bafuni, siwezi kupita kama sikuuona.

Kazi ile niliijua haijakamilika. Jumatano nilipofunga hita ya maji bafuni kwako, nondo ya waya wa ardhini, ule unaoupeleka chini umeme uliovuja, sikuwa nayo. Mama mkwe wako alikuwa anakuja kesho yake, mgonjwa, anataka maji ya moto, na shemeji alikuwa amesimama mlangoni na taulo begani anacheka kwamba hata kuni zina haraka kunizidi. Nikaiwasha. Nikasema tumieni, Jumamosi nitarudi na nondo. Jumamosi nikaitwa kwenye kazi nyingine, jengo la ghorofa mbili. Nikasema Jumamosi ijayo. Na Jumamosi ijayo nikasema vilevile. Jumatatu mkaniita, si kwa kazi.

Mazishini uliponinyooshea kidole mbele ya watu ukasema aliyemuua ni huyu, sikujibu kwa sababu ulikuwa unasema kweli. Sikuandika miaka yote hii kwa sababu mkosaji hana haki ya kubisha hodi. Lakini umebisha wewe. Basi nasema sasa, kwa mkono wangu: nilimuua mke wako kwa uvivu wa Jumamosi mbili, nami nakuomba msamaha. Usiponipa, sitakulaumu.

Mfungulie yule fundi mama mlango. Chini ya nyumba hiyo kuna deni langu la nondo moja ya shaba.

Ndugu yako, kama bado inafaa,
Sumaku

*

30 Mei

Wembe,

Salamu. Natumaini mu wazima wote. Sijui kama barua yangu ya mwezi uliopita ilifika. Kama ilifika na imekuudhi, nisamehe kwa hiyo nayo. Nilidhani muda umefika, pengine haujafika. Nijibu hata kwa mstari mmoja kwamba umeme wa nyumba umekamilika kabla mtoto hajaja. Hilo tu.

Sumaku

*

11 Juni

Kwa Sumaku,

Sina salamu nzuri. Sisi ni wazima. Binti amefika, mtoto amefika, nyumba ina kelele mpaka mijusi imehama.

Barua yako ilifika. Ilikaa kibandani chini ya kopo la poda wiki tano. Kila nikimpaka mteja poda naiona. Sikuudhika. Ungeniudhi ningekujibu siku ileile, unanijua.

Tulifungua mlango tarehe ishirini na nane Mei. Misumari ilikuwa imeshika kutu, msumari wa mwisho ulitoka na kipande cha fremu. Ndani kulikuwa na vumbi jeupe juu ya kila kitu. Sabuni imepasuka kama udongo wa kiangazi. Ndala zake zilikuwa pale, na alama za vidole vyake bado zimedidimia kwenye mpira. Yule fundi mama aliangalia ndala, akaniangalia mimi, akasema anakwenda kunywa maji, akakaa nje kama nusu saa. Aliporudi alipima, akaniambia hapa hapakuwa na waya wa ardhini. Nikamwambia najua. Akachimba, akaweka nondo, akatia saini yake.

Sumaku, kuna jambo ambalo hulijui.

Jumanne ile, siku sita baada ya wewe kufunga hita, mke wangu alitoka bafuni anakung'uta vidole. Akasema, "Lile bomba linaniuma." Nilikuwa natafuta funguo za kibanda. Nikamwambia nitampigia Sumaku. Alhamisi akasema tena, mara hii ameshika kiwiko, akasema limemuuma mpaka huku. Akaniuliza kama nimekupigia. Nikacheka. Nikamwambia umezidi kuogopa vitu vya kisasa, mama yako ana miaka sabini na anaoga bila kulalamika. Yeye naye akacheka, kwa sababu nilicheka. Hakusema tena. Jumatatu akafa.

Sikukupigia. Simu yenyewe ilikuwa mfukoni.

Ulipoingia mazishini nilikuona kutoka mbali, umevaa shati lile la kijivu, na kabla hujafika nilikuwa nimeshajua nitakachosema. Nilikiona kama mlango wa kutokea. Nikakisema. Kisha nikarudi kibandani na kukisema miaka yote. Kila kichwa kilichokaa kwenye kiti changu kiliinuka na jina lako. Kinyozi hutangaza kuliko kituo cha redio.

Wewe umeniomba msamaha kwa Jumamosi mbili. Mimi nilikuwa na siku sita, na alikuwa ananiambia kwa mdomo wake.

Sijamwambia mtu yeyote ila wewe.

Wembe

*

2 Septemba

Kwa Kinyozi,

Tuko wazima. Mke wangu alilazwa Julai, ametoka.

Nimekaa na barua yako karibu miezi mitatu. Mke wangu aliisoma, akaniambia niichome. Sikuichoma. Mara nne nimeanza kukujibu. Nilikujibu kwa upole mara ya kwanza na ya pili, nikachana, maana upole ule ulikuwa wa uongo.

Nilijua nina kosa na nimelibeba bila kulalamika. Lakini nililibeba lote, Kinyozi. Kuna mzigo wa watu wawili ambao mtu mmoja hawezi kuubeba bila mgongo kupinda, na wewe ulikuwa unautazama mgongo wangu. Ungesema neno moja tu. Ungeniambia hata pembeni, hata mwaka wa pili, hata wa tano. Ningesema basi, tumekosa wote, tukae tulie pamoja. Nilimpenda shemeji. Sikupata hata mahali pa kumlilia.

Mimi niliondoka, mama yangu hakuondoka. Alibaki mtaani kwenu na jina langu. Jirani waliacha kumwazima hata kiberiti. Alikuja kibandani kwako mara mbili kukuomba radhi kwa ajili yangu, mguu ule mbovu, kupanda ngazi zile. Aliniambia mwenyewe kwamba mara zote mbili hukumpa kiti. Akasema usimchukie, amefiwa. Alipokufa tulikuwa watu saba kwenye kaburi lake, na wawili kati yao ni wachimbaji.

Wakati huo ulikuwa unajua.

Sina msamaha wa kukupa sasa. Nimeutafuta, sijauona. Na sitaki unieleze zaidi, mimi tayari najua. Swali langu ni moja: mimi ndiye pekee niliyeambiwa uongo?

Fundi

*

20 Oktoba

Kwa ndugu yangu Sumaku,

Naomba ukisoma hii uwe mzima, na shemeji awe amepata nafuu. Mimi nipo.

Swali lako nililijua jibu kabla sijafika mwisho wa mstari. Ilinichukua wiki mbili kupata ujasiri wa kulijibu kwa vitendo.

Nilianza na binti. Ilikuwa Jumapili asubuhi, tunakunywa chai, mtoto yuko pajani kwangu anachovya mkate. Mkwe wangu alikuwa anarekebisha bawaba ya mlango wa jikoni. Nikamwambia, kuna jambo kuhusu mama yako. Nikamsimulia kama nilivyokusimulia wewe, sikupunguza. Nilipomaliza akauliza, "Alikwambia mara ngapi?"

Nikasema, "Mara mbili."

Akainuka, akamchukua mtoto kutoka pajani kwangu. Alimchukua taratibu, kama mtu anayetoa kitu mezani kabla hakijaanguka. Hakuniambia neno baya. Ningependa angeniambia. Alisema tu kwamba alikuwa na miaka kumi na miwili, na kwamba baba mdogo Sumaku ndiye aliyemfundisha baiskeli, na kwamba nilimfundisha kumchukia na akajifunza vizuri. Mkwe alimalizia skrubu ya mwisho, akafunga mlango ukafungika vizuri, wakaondoka baada ya siku nne. Wamepanga vyumba upande wa pili wa mji. Ameniachia ujumbe kwenye simu kwamba niwe napima presha. Mtoto simwoni.

Kibandani nimesema. Sikuitisha mkutano, nilimwambia kila aliyekaa kwenye kiti, mmoja mmoja, kwa njia ileile niliyokuchafulia jina. Mzee wa duka la rangi aliinuka nusu kichwa kimenyolewa nusu bado, akaondoka hivyohivyo, na mpaka leo anapita na kofia. Wengine hawarudi. Shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu, alikuja, akasimama mlangoni, akanitazama kwenye kioo, akaondoka. Fundi mama yule alisikia naye. Alikuja kukagua kazi yake kama alivyoahidi, akakagua, akakataa soda.

Mama yako alikuja kweli. Mara ya kwanza nilikuwa nanyoa, nikajifanya sikumsikia akisema hodi. Mara ya pili nilizima mashine nikamwambia arudi kwa mwanawe. Nilizima mashine, Sumaku, ili asikie vizuri. Nimekwenda kaburini kwake Ijumaa iliyopita na jembe. Majani yalikuwa yamefika magotini. Nimelima, nimefagia, nimemwambia. Nilikaa chini kwa sababu ya magoti, kisha nikashindwa kuinuka, mpaka mlinzi wa makaburi akaja kunishika mkono.

Sikuombi kitu. Nimekujibu swali.

Wembe

*

15 Novemba

Kwa Wembe,

Mke wangu hajambo, ameanza tena kugombeza. Nami sijambo. Natumaini hii itakukuta unakula vizuri. Mtu anayeishi peke yake hudanganya kuhusu chakula, kwa hiyo sikuulizi.

Umelima kaburi la mama. Ahsante. Ila ile mimea midogo ya pembeni, yenye majani kama ulimi wa paka, haikuwa magugu. Nilimpandia mimi mwaka wa saba tangu niondoke, bila mtu kuniona. Nina hakika umeing'oa. Haidhuru, itachipua; ni mimea sugu, aliipenda kwa sababu hiyo.

Binti yako alinipigia. Alipata namba kwa dada yangu. Nilipoisikia sauti nilidhani ni shemeji, nikaangusha bisibisi. Niliiokota huku watu wa soko wakinipitia. Kisha akaniuliza kama mama yake aliteseka. Nikamwambia kweli ninayoijua ya umeme: ni kufumba jicho, hakuna zaidi. Akalia sana. Akaniuliza sasa amchukie nani.

Nilimwambia, "Mwanangu, kama ni lazima uchukie, gawa nusu kwa nusu. Usinipunguzie mimi kwa kuwa niko mbali."

Akasema atafikiri. Sijui kama atarudi kwako. Nilimwambia una presha, akasema anajua, ndiye aliyekununulia kipimo. Zaidi ya hapo sikukuombea. Kujiombea ni kazi yako.

Kuhusu mimi. Nilitaka nikuandikie kwamba nimekusamehe, neno likae kwenye karatasi ulishike. Sijalipata. Lakini kuna asubuhi mbili tatu sasa nimeamka na kupiga mswaki na kufungua meza, na mpaka saa nne nilikuwa sijakukasirikia. Sijui jina lake. Nakwambia kama lilivyo.

Kuja huko siwezi. Nilijaribu wiki iliyopita. Nilivaa, nikafika stendi, nikakata tiketi, nikakaa kwenye kiti changu dirishani. Gari lilipowashwa nikateremka. Nyumba yako naikumbuka kuta zake zote, na hilo ndilo linalonizuia.

Wewe huku huna kumbukumbu yoyote. Hakuna ukuta wa kukutisha. Basi njoo wewe. Panda gari la asubuhi, shuka kituo cha mwisho, ingia sokoni upande wa wauza viatu, uliza fundi wa pasi. Usilete zawadi. Sijui tutaongea nini, pengine tutakaa tu tunamlilia, kila mtu na kiti chake, jambo ambalo tulipaswa kulifanya siku ileile. Bati juu ya kitanda cha wageni halivuji, nimelibadilisha.

Mke wangu anajua. Amesema atakupa chakula, lakini siku ya kwanza hatakusalimia. Mvumilie. Ukimya humchosha haraka. Siku ya pili ataanza kukuuliza habari za magoti.

Ndugu yako,
Sumaku